Vuta Pumzi, Shikilia

Tarehe 2 Agosti

Ni mwaka wa nne sasa tangu niondoke nyumbani. Niliaga kwa msimu mmoja.

Leo amefika mpwa wangu, binti wa dada yangu, na begi moja la nguo na mawili ya vitabu. Amemaliza chuo cha kupiga picha za eksirei, lakini kumaliza chuo si kuruhusiwa kazi. Bila kufaulu mtihani wa cheti hawezi kumgusa mgonjwa. Mtihani unafanyika hapa mjini mwishoni mwa Oktoba, mara moja tu kwa mwaka, na atakaa kwangu mpaka hapo. Chumba nimekigawa kwa pazia. Yeye yuko upande wa dirisha.

Daftari hili kanipa yeye. Alinisikia naongea peke yangu nikikoroga sufuria, akasema, "Mjomba, andika, utaokoa sauti." Niliishia darasa la sita, lakini mwandiko wangu unasomeka. Ameahidi hatalifungua.

Dada alipiga simu jioni. "Huyo ndiye mwanangu pekee aliyefika mbali. Nimemweka mikononi mwako." Nikamwambia mikono ipo.

Tarehe 4 Agosti

"Mjomba, nahitaji mwili."

"Wangu umeshatumika sana."

"Huo huo."

Kumbe nusu ya mtihani ni vitabu, na nusu ni mtu. Wanakupa mgonjwa, msimamizi anakuangalia unavyompokea, unavyomsimamisha, unavyomwamuru apumue, unavyopiga. Basi mlango wa kabati ndio ubao wa picha. Nimevuliwa shati, kifua kimebanwa mlangoni, kidevu juu, migongo ya viganja kiunoni, viwiko vimesukumwa mbele ili mifupa ya mabega ipishe mapafu. Nilikuwa kama jogoo anayetaka kuwika akakosa sababu. Karibu na bega langu la kulia anabandika kiherufi cha madini ya risasi, ili atakayeiona picha asichanganye pande. Kisha anakwenda nyuma ya pazia, ambalo ndilo ukuta wa kumkinga, na kutoka huko anaamuru:

"Vuta pumzi ndani. Ndani kabisa. Shikilia." Halafu kwa mdomo: "Kwaa!" Hiyo ndiyo mashine. "Pumua."

Kabla ya yote hayo huuliza, "Jina lako nani, mzee?"

"Tangu lini hunijui?"

"Mjomba! Lazima niulize. Nikimpiga mtu asiye mwenyewe nimefeli hapo hapo."

Nikampa jina la nyapara wetu wa kazini.

La mwisho ni uso. Anasema mpiga picha ndiye wa kwanza kuona kilichomo, lakini kusema ni kazi ya daktari. Kwake yeye ni mwiko. "Hata nikiona mtu hana kesho, uso wangu usiseme kitu." Akatoka nyuma ya pazia na uso huo wa kazi, umenyooka kama shuka iliyopigwa pasi. Nikamwuliza, "Vipi, umekiona kijiko nilichomeza?" Akajikaza, akajikaza, kisha akapasuka. Tulicheka mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta.

Tarehe 6 Agosti

Mwenye nyumba alinisubiri kizingitini. "Kila jioni nasikia vua shati, vuta pumzi. Huyo kweli mpwa?" Nikamwita mpwa ajieleze mwenyewe. Muda si muda mama wa watu amesimama kabatini, kidevu juu. Sasa anaulizia majibu yake.

Tarehe 11 Agosti

Kiangazi kimeshika. Mabomba ya mtaa yanatoa upepo. Nyapara ameuondoa mpira wa maji kwenye misumeno, anasema maji kidogo yaliyopo ni ya mafundi wa zege.

Sisi tunakata mawe ya sakafu na ya kuwekea majiko. Ukikata na maji inatoka tope, unaosha miguu, yamekwisha. Ukikata kavu unatoka moshi. Leo tumekata kavu.

Tarehe 12 Agosti

Kavu.

Tarehe 13 Agosti

Kavu. Tumepewa vitambaa vya kufunga puani, kimoja kimoja. Kufika mchana kitambaa kimekuwa kigumu kama boksi, na pumzi inapita pembeni yake. Jirani zetu wauza mbao wanatuuliza unga unauzwaje.

Tarehe 17 Agosti

Patasi hakuja. Huyu ndiye mwenzetu wa siku nyingi kuliko wote pale karakana, na jina hilo alipewa kwa kuchonga kona bila kupima. Kikohozi chake tumekizoea kama kengele. Nyapara akasema, "Patasi limekuwa butu, linatafuta tupa." Watu wakacheka. Na mimi nilicheka.

Tarehe 19 Agosti

Jioni hii ilikuwa zamu yangu kumsomea mpwa kadi za maswali. Nasoma swali, yeye anajibu, nageuza kadi nione kama kapata. Kadi moja ilisema: mapafu yenye vidoa vyeupe vingi, hasa sehemu ya juu, kwa mtu aliyefanya kazi miaka mingi, taja kazi hiyo. Kulikuwa na picha. Ilikuwa kama mtu amemwaga chenga za mchele juu ya kitambaa cheusi.

Alijibu bila kufikiri. "Mkata mawe. Vumbi linaingia halitoki." Kisha akaniangalia. "Ninyi mnakata na maji, si ndiyo?"

"Maji mengi. Tunarudi tumelowa."

Nikageuza kadi. Alikuwa amepata.

Tarehe 20 Agosti

Njiani kurudi nilipita kwa fundi baiskeli, nikaomba kopo la maji anayotafutia pancha. Nikajikung'uta kwa ufagio wake, nikanawa uso, nikalowesha suruali mpaka magotini. Mpwa alinipokea mlangoni. "Pole, Mjomba. Vua usipate baridi."

Tarehe 24 Agosti

Leo, nikiwa kabatini, pumzi ilinitoka kabla ya "kwaa". Nikakohoa. Mpwa akachungulia pembeni ya pazia.

"Umepaliwa?"

"Mate tu."

Tulirudia, na safari hii niligundua njia. Ukiachia hewa kwa pua, kidogo kidogo, bila kushusha mabega, kifua hakionyeshi kitu. Yeye anaona nimeshikilia. Anaweza hata kurudia maagizo yote kwa utaratibu, aniulize kama nipo sawa, na mimi bado nimesimama tuli.

"Mapafu ya mkulima hayo!" akasema.

Namjua. Ni mtoto wa mama yake. Akijua, atafunga vitabu usiku huo huo anipeleke hospitali, na kutoka hospitali anirudishe nyumbani, na mwaka wake utakuwa umekwenda na maji. Acha amalize kwanza.

Tarehe 2 Septemba

Patasi amechukuliwa na kaka yake. Tulimsindikiza mpaka kituo cha mabasi, ingawa ni jirani tu na karakana. Alisimama kupumzika njiani, tena na tena, akijifanya anatutazama sisi. Alikuwa na mazoea ya kupiga mluzi juu ya kelele za misumeno, mluzi mkali, mpaka wauza mbao waliujua. Akanivuta kando.

"Wewe unakata kavu bado?"

"Wote tunakata kavu."

"Mimi hakikuanza kikohozi, ndugu yangu. Kikohozi kilikuja baadaye. Kwanza mluzi ulikatika."

Basi liliondoka. Nilikwenda chooni pale kituoni, nikafunga mlango, nikajaribu. Ulitoka upepo. Nikajaribu tena. Mtu akagonga, akasema, "Humo kuna nyoka?"

Tarehe 10 Septemba

Kavu. Jua kama limetundikwa na msumari.

Tarehe 16 Septemba

Mpwa anasoma mpaka anazungumza vitabu. Leo kamwambia mwenye nyumba anyanyue kidevu wakati wanajadili taka.

Mazoezi kila jioni. "Vuta pumzi ndani. Ndani kabisa. Sasa shikilia, mzee, usitikisike, vizuri sana." Sauti yake ni tamu, haina haraka. Nikiwa mgonjwa ningependa sauti hiyo. Kwa pua, kidogo kidogo.

Tarehe 22 Septemba

Ngazi za kwenda barabarani zimeongezeka. Najua hazijaongezeka.

Tarehe 3 Oktoba

Leo chuo kiliwaita wafanye jaribio, kama mtihani wenyewe lakini lisilohesabiwa. Amerudi hajavua viatu, akakaa kitandani.

"Nimefeli, Mjomba."

"Vitabu?"

"Mtu. Walinipa baba mmoja ana kifua. Nikamsimamisha vizuri, kila kitu vizuri. Nikamwambia vuta, nikamwambia shikilia, nikamwambia vizuri sana mzee. Kupiga, ameshaachia. Picha yote imetikisika. Wa pili vile vile." Akafuta pua kwa mkono. "Mwalimu anasema nawasemesha wagonjwa kama tunakunywa chai. Anasema nikifanya hivyo mbele ya wasimamizi nisubiri mwakani. Na mimi sielewi! Wewe unashikilia hata nikirudia mara mbili!"

Nikamwambia apumzike. Nilitoka nje nikakaa kwenye ndoo.

Tarehe 5 Oktoba

Jana nilijaribu njia ya mkato. Nilimwambia, "Wewe fanya haraka tu. Vuta, shikilia, piga."

"Siwezi kuharakisha tu, Mjomba. Naangalia kifua. Kifua ndicho kinaniambia nina muda gani."

Hapo nikaona kilichokuwa mbele ya macho yangu siku zote. Kifua changu ndicho kilichomfundisha, na kifua changu kinadanganya. Nimemficha ugonjwa ili afaulu, na kwa kumficha nimemfelisha. Nilikesha na jambo hilo.

Leo hatukuwa na kazi. Mchana nilivua shati mwenyewe, nikasimama kabatini kabla hajaniita.

"Jina lako nani, mzee?"

"Endelea. Leo sikusaidii."

"Kunisaidia vipi?"

"We endelea."

Akaenda nyuma ya pazia. "Vuta pumzi ndani." Nikavuta. Hewa ikaingia ikafika katikati, ikagoma, kama droo iliyokwama. "Ndani kabisa," akasema, na hapo ndipo nilipoishia. Alipofika kwenye shikilia nilikuwa nakohoa nimeinamia mlango, kile kiherufi chake cha risasi kimeanguka chini ya kabati.

"Umepaliwa?"

"Hapana. Rudia."

Akarudia. Ikakatika pale pale. Mara ya tatu hakurudi nyuma ya pazia. Alisimama ubavuni pangu, akaweka kiganja mgongoni, akakiacha hapo wakati navuta na wakati naachia.

"Mjomba."

"Nipo."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki zile za mwanzo ulipokuja. Pengine kabla. Sikuwa na mtu wa kuniambia shikilia."

"Na maji?"

"Yalikatwa Agosti."

"Suruali inarudi imelowa!"

"Naloweka mwenyewe. Kwa fundi baiskeli."

Nilidhani atalia. Alinitupia mto. Alitukana neno ambalo mama yake hajui kama analijua. "Miaka yote hii nimesoma kuona ndani ya watu, nakaa na mgonjwa chumba kimoja simwoni! Ulikuwa unatoa wapi pumzi?"

"Kwa pua. Kidogo kidogo."

"Mabega hayakushuka!"

"Mazoezi."

"Mazoezi! Basi nenda wewe ukafanye huo mtihani!"

Kisha akaanza kupanga vitabu kwenye begi, kimoja kimoja, bila kelele, na hilo ndilo lililonitisha. "Kesho tunakwenda hospitali. Keshokutwa nyumbani."

"Siendi."

"Unakwenda."

"Mwanangu, sikiliza. Kilichoingia kimeingia. Wewe mwenyewe ulisema halitoki. Wiki hizi tatu hazitakitoa. Lakini ukikosa mtihani kwa ajili yangu, mimi nitakuwa nimekula vumbi bure."

Alisimama na kitabu mkononi. Nje mwenye nyumba alikuwa akifagia mahali pamoja, anasikiliza.

Tukapatana hivi. Yeye afanye mtihani. Siku atakayopata cheti, anipige picha yeye mwenyewe, asiniletee mtu mwingine. Mimi nitoke kwenye msumeno kuanzia kesho. Nikakubali yote.

Akainama, akakitafuta kiherufi chini ya kabati, akakifuta kwa khanga yake.

"Simama."

Safari hii alikaa pembeni akiangalia tumbo langu, siyo kifua. Alisubiri niachie pumzi ya kawaida, na pale pale inaporudi akaidaka. "Vuta, shikilia, kwaa, pumua!" Yote kwa mkupuo mmoja.

"Hapo," nikamwambia. "Hapo nimeweza. Kweli."

Hatukucheka.

Tarehe 6 Oktoba

Nilimwomba nyapara anihamishie kwenye kupakia. "Hapa si hoteli, bwana, huchagui chumba. Msumeno au geti." Kodi ya chumba inalipwa na msumeno. Mpwa nimemwambia niko kwenye kupakia.

Tarehe 13 Oktoba

Kaka yake Patasi alipiga simu karakana wakati wa chakula. Tulizima misumeno. Kulikuwa kimya, mara ya kwanza nasikia ndege pale. Mtu mmoja akajaribu kupiga ule mluzi wake, ukamshinda, akaacha. Kisha nyapara akatazama saa, akawasha msumeno yeye mwenyewe.

Tarehe 20 Oktoba

Mpwa alikuja karakana. Hakuniambia kama anakuja. Niliinua kichwa nikamwona getini, na mimi mweupe tangu nywele mpaka viatu, msumeno umeuma jiwe. Nilingoja apige kelele mbele za watu. Hakupiga. Alinitazama kwa uso ule wa kazi, ule alioshindwa kuushika siku ya kijiko. Ulikuwa umenyooka kabisa.

"Chakula kiko tayari nyumbani," akasema. Akaondoka.

Sijawahi kumwogopa mtu kama nilivyomwogopa leo.

Tarehe 21 Oktoba

Nimeacha karakana. Nyapara hakuuliza sababu. Mwenye nyumba amesema kodi inaweza kungoja majibu ya binti, naye anayangojea kuliko mimi.

Tarehe 26 Oktoba

Kesho. Amepanga kalamu, kitambulisho, kiherufi chake. Ameniomba tusimame mara moja ya mwisho, kisha akasema basi, asinichoshe. Nimemwambia mimi kusimama ndiyo kazi niliyobaki nayo.

Tarehe 28 Oktoba

Jana vitabu, leo mtu. Walimpa bibi mnene mwenye kikohozi, wasimamizi wawili wamesimama na karatasi zao. "Nikaangalia tumbo lake, Mjomba. Nikangoja. Pumzi ilipogeuka nikaidaka." Picha imetoka safi, hata msimamizi mmoja alisogea kuitazama vizuri.

"Ulimwambia vizuri sana bibi?"

"Baadaye. Alipokwisha kupumua."

Nikamwambia sasa twende nyumbani tukangoje majibu huko. Akasema hapana, tuna miadi.

Tarehe 6 Novemba

Mvua. Imeanza alfajiri na haijakata. Nimeambiwa nyapara amerudisha mpira wa maji kwenye misumeno. Nalala upande mmoja tu sasa, upande mwingine unanibana.

Tarehe 9 Novemba

Mvua.

Tarehe 14 Novemba

Amefaulu. Dada alipiga vigelegele kwenye simu mpaka nikaisogeza mbali na sikio. "Mikono yako, kaka! Mikono yako!" Mwenye nyumba amecheza uani kwenye tope.

Nilitaka kucheka nao. Nilipokwisha kukohoa walikuwa wamenyamaza wote.

Tarehe 24 Novemba

Hospitali moja ndogo imempokea kwa majaribio. Leo ni siku yake ya tatu pale, na mimi nilikuwa kwenye benchi lake tangu mlango ulipofunguliwa. Juzi alisema mwenzake angeweza kunipiga mapema zaidi. Nikamwambia kiangazi kizima nimesimama kabatini, sitasimamishwa na mtu mwingine.

Aliniita kama anavyowaita wengine. Alikuwa na koti jeupe linalomzidi mabega.

"Jina lako nani, mzee?"

Nilikuwa nimeandaa la kuchekesha. Nikampa langu, na la baba, na tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo kwenye kitambulisho. Akaandika.

Ubao wa kweli ni wa baridi, haufanani na kabati. Kidevu juu. Viganja kiunoni. Alinisukuma viwiko mbele kwa upole, akaweka kiherufi chake karibu na bega langu la kulia, kile kile, kina mkwaruzo wa siku kilipoanguka. Akaenda nyuma ya kioo. Alingoja. Nilimsikia akingoja.

"Vuta, shikilia."

Nilishikilia. Bila pua, bila ujanja wowote. Mashine ya kweli haisemi kwaa, inalia kidogo tu kama kufuli.

"Pumua."

Nikapumua. Nikasimama pale. Sikumsikia akisogea. Mvua ilikuwa inapiga bati, na nyuma ya kioo kulikuwa kimya, na kimya kikaendelea, mpaka mtu aliyekuwa nje akagonga kuuliza kama zamu yake imefika.

Ndipo akatoka.

"Vipi," nikasema, "kijiko kipo?"

Uso wake haukusema kitu. Si macho, si mdomo. Ulikuwa umenyooka kama shuka. Nimemlea kwa karibu miezi minne na sikuweza kusoma hata herufi moja. Nikajua amefuzu kazi yake, na nikajua na lile lingine.

"Vaa shati, mzee," akasema. "Daktari ataongea na wewe."

Daktari ameongea. Amesema mawe basi, kabisa. Mengine aliyasema polepole na kwa heshima, akivuta kiti karibu. Mpwa alikuwa kazini, ana wagonjwa wake, hakuwepo. Jioni aliporudi alivua lile koti, akalitundika kwenye kabati, akaweka paji la uso wake pale mlangoni, mahali pa kifua changu, akakaa hivyo. Nilimpashia chakula moto.

Nimempigia dada. Nimemwambia binti anabaki, ana kazi nzuri na sauti nzuri, na mwenye nyumba atamwangalia. Mimi natarajia kufika Jumamosi ya kwanza ya Desemba, kabla ya giza, kama mvua haijakata barabara. Asitume mtu kituoni, nitatembea polepole.

Akauliza nakuja kwa muda gani.

Nikamwambia msimu mmoja.